Wasomaji wamejua mwisho sura ya tatu: jibu kwa mwandishi wa riwaya ya binti aliyepotea Dodoma

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafundisha kwa kujitolea katika sekondari moja hapa Dodoma, na usiku naandika riwaya ya vijana. Sechelela, binti wa miaka 16, kidato cha tatu, anaishi Nkuhungu na mama yake na baba wa kambo. Ijumaa anaaga anakwenda shule, harudi. Rafiki yake Mwajuma anaanza kumtafuta. Nimefika sura ya tisa; muhtasari na rasimu nimekuletea, ila mwaka wa hadithi sijachagua. Watu watatu wameisoma, na wote wamesema baba wa kambo ndiye aliyemficha, tena wamejua tangu sura ya tatu. Na kweli ndiye. Anataka kumpeleka kwa mganga apate utajiri. Nimefuta dalili nyingi lakini bado wanamjua. Nifiche vipi ukweli hadi mwisho?

JIBU: Marahaba, binti yangu, na hongera kwa kufika sura ya tisa huku unafundisha.

Nianze na hao wasomaji watatu, maana wamekusaidia kuliko unavyodhani. Dalili siyo zilizomfichua baba wa kambo. Kilichomfichua ni kwamba hana kazi nyingine kitabuni. Katika muhtasari ulioniletea, kila anapotokea ana macho mekundu, anafoka, anawasha pikipiki usiku na kuondoka. Haendi kibaruani, hadaiwi na mtu, haumwi jino, hakuna anayemcheka wala anayemtegemea. Mhusika aliyewekwa kwa ajili ya kutiliwa shaka tu atatiliwa shaka hata ukimfutia macho na pikipiki yake, kwa sababu msomaji hana jambo jingine la kufanya naye. Kwa hiyo acha kufuta dalili. Riwaya ya fumbo iliyonyimwa dalili humfanya msomaji aone amedhulumiwa akifika mwisho, na kijana aliyedhulumiwa hivyo hatakisoma kitabu chako cha pili.

Ushauri wangu ni mmoja, na mengine yote nitakayosema yanatoka humo: ukweli ufiche chini ya jambo ambalo mtaa mzima umeshaliamini.

Ijumaa jioni, Nkuhungu, binti wa miaka 16 hajarudi. Watu wanasema nini? Wewe umewaandika wote wakipiga ukunga kwamba ametekwa. Unaishi hapa, unajua sivyo. Kauli ya kwanza itakuwa "kafuata mwanaume." Itasemwa na jirani anayeanua nguo, itarudiwa gengeni kwenye nyanya na vitunguu, na kufikia Jumamosi mchana msako wa Sechelela utakuwa umegeuka msako wa jina la huyo mwanaume. Mama atashauriwa anyamaze asijiaibishe. Shuleni watasema mtoro. Hata picha yake itakapoanza kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp, kuna atakayeongeza chini yake maneno ya kumlaumu. Imani hiyo umeikuta imejengwa, huna haja ya kuitungia sababu. Ukiweka ukweli nyuma yake, msomaji ataupita mchana kweupe mara tatu, mara nne, asiuone, kwa kuwa naye amelelewa katika mitaa hiyo hiyo na ameshaamini kabla hujamshawishi.

Wala usidhani nakufundisha hila ya uandishi tu. Mtoto anapopotea, saa za kwanza ndizo zenye thamani kuliko zote, na mara nyingi saa hizo huliwa na umbea. Kitabu kinachomwonyesha kijana jinsi zinavyoliwa, saa kwa saa, nyumba kwa nyumba, kina kazi kubwa kuliko kumtisha.

Sasa, kabla hujagusa sura yoyote, chukua daftari jipya uandike kilichotokea kweli. Usiandike kitakavyosimuliwa, andika kilichotokea. Anza Alhamisi jioni hadi Jumapili usiku. Saa kumi na mbili asubuhi Sechelela yuko wapi, amevaa nini, ana shilingi ngapi, nani amemwona. Kisha kila mtu mzima mpe ukurasa wake: anajua nini, anaogopa nini, amedanganya nini. Waandishi wengi wa fumbo huanza kuandika wakiwa na mhalifu lakini hawana ratiba, na ndiyo maana wakifika katikati wanaanza kuwafanya watu waugue ghafla au wapotelewe na simu ili hadithi isogee.

Nitakupa mfano wa ukweli mwingine ili uone ninachosema. Ukikufaa uchukue, usipokufaa utunge wako.

Mama yake Sechelela ana deni la kikoba. Kuna dada mmoja anayesuka nywele kwenye kibanda karibu na soko, anajulikana, anapendwa, amewasuka mabinti wa mtaa wote. Anamwambia mama: kuna familia Dar es Salaam inataka mtu wa kukaa na mtoto majuma mawili tu, mwenyeji anauguza, nauli watatoa, pesa nzuri, shuleni utasema anaumwa. Mama anasita siku kadhaa, anakubali. Sechelela naye anakubali, kwa sababu ameona mama akijificha chumbani wenzake wa kikoba wanapobisha hodi. Ijumaa asubuhi anatoka na sare, anabadilisha nguo kwa yule dada, anapanda gari. Jumamosi simu ya yule dada haipatikani. Wala ya Sechelela.

Angalia kilichotokea kwenye hadithi yako. Mwongo wa kwanza ni mama, mtu ambaye msomaji anamwonea huruma kuliko wote. Anakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa akilia machozi ya kweli, na anasema, "Aliaga anakwenda shule." Nusu ya kwanza ya njia binti ameitembea mwenyewe, kwa upendo, na hapo ndipo ilipo tofauti kati ya riwaya inayomfanya msichana mzigo unaobebwa na ile inayomfanya mtu. Na ni kweli kwa maisha: wanaowachukua mabinti wa mikoa yetu ya kati kwenda kazi za ndani mijini huja na sura za jamaa, wenye maneno matamu na nauli mkononi. Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008 inalihesabu kuwa kosa jambo la kumchukua mtoto na kumsafirisha kwa ajili ya kutumikishwa, hata kama hakuvuka mpaka wowote, na hata kama mtoto mwenyewe alikubali. Mama hajui hilo. Msusi analijua vizuri.

Na baba wa kambo? Mpe bajaji na umpe haki yake. Yeye ndiye anayezunguka mji na picha ya Sechelela imebandikwa kwenye kioo. Yeye ndiye anayetaka waende polisi Ijumaa usiku ule ule, na mama ndiye anayemzuia, "tusubiri kidogo." Mwajuma anawasikia wakigombana kupitia dirishani lakini hasikii maneno yote. Anachokiona ni mwanaume anayefoka na mama anayelia. Wasomaji wako watatu watamkamata tena baba wa kambo sura ya tatu, na safari hii watakuwa wamekosea. Ugomvi ule hautabadilika neno hata moja. Wakiurudia mwishoni watausoma upya.

Nakuja kwenye sehemu ambayo waandishi wengi wa vijana wanaikimbia, nayo ni sheria. Usiikimbie. Sheria ndiyo inayowapa watu wako sababu za kunyamaza, na kila anayenyamaza kwa sababu yake mwenyewe anakupa njia ya kumpoteza msomaji bila kumdanganya.

Sechelela ana rafiki wa kiume, dereva bodaboda wa miaka 19. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yameweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi mimba au kumwoa, na kwa Sheria ya Kanuni ya Adhabu msichana aliye chini ya miaka 18 hahesabiwi kuwa ametoa ridhaa. Kijana huyo hajui Sechelela alipo. Lakini anajua kwamba wakianza kuuliza maswali, yeye ndiye wa kwanza kuingia ndani. Jumamosi alfajiri anaacha pikipiki kwa mwenzake na kukimbilia Manyoni. Mtaa mzima unasema, "Si mnaona?" Anayekimbia ana hatia ya jambo lake, siyo la kitabu chako. Usimfanye malaika. Aonekane ameogopa, aonekane pia amekosa.

Babu yake Sechelela, kule Mpwapwa, aliwahi kupokea ugeni wa watu waliokuja kuulizia mchumba. Kwake yeye si jambo la ajabu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya wazazi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo. Habari hizo hazijamfikia babu. Anapoulizwa kwenye simu anajibu kwa kuzungukazunguka, na Mwajuma anahisi anafichwa jambo. Anafichwa kweli, lakini siyo alilodhani.

Kisha mwalimu wa darasa. Hapa naomba usimame kidogo, kwa kuwa wewe ni mwalimu na unalijua daftari la mahudhurio kuliko mimi. Unajua jinsi tiki zilizowekwa siku kwa siku zinavyoonekana: kalamu tofauti, mkono unaobadilika kidogo, ya Jumatano imepinda kwa sababu mtu alisukuma meza. Na unajua jinsi tiki zilizojazwa kwa mkupuo zinavyoonekana: wino mmoja, mteremko mmoja, darasa zima lilikuwepo, hata yule anayejulikana yuko hospitali. Ijumaa hiyo mwalimu hakuwepo shuleni. Jumatatu akajaza daftari. Kwa hiyo daftari linasema Sechelela alikuwa darasani asubuhi na mchana, polisi wanaanza kuhesabu tangu saa nane na nusu mchana, wakati binti alishaondoka mjini tangu asubuhi. Saa nyingi zimepotea kwa sababu ya mwalimu mmoja aliyeogopa kuulizwa na mkuu wake. Hakumdhuru mtu. Ila amewapeleka wote kutafuta magari yaliyoondoka jioni.

Mwajuma atagundua vipi? Si kwa akili ya ajabu. Ni kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa hospitali Ijumaa ile, na jina lake lina tiki.

Sasa nieleze dalili kubwa, ile ambayo msomaji akifunga kitabu atairudia. Katika rasimu yako Sechelela ana simu yake na laini yake, na polisi wanaifuatilia sura ya saba. Acha. Aliye chini ya miaka 18 laini yake husajiliwa na mzazi au mlezi, na sekondari zetu nyingi haziruhusu wanafunzi kuwa na simu. Kwa hiyo simu yake ni ya kuficha, inalala kwa mama ntilie au kwa fundi anayechaji. Lakini Mwajuma anaikuta namba nyuma ya daftari la Jiografia, imeandikwa kwa penseli, bila jina. Afanye nini mtoto wa miaka 16 asiye na polisi wala kompyuta? Afanye kile ambacho kila Mtanzania anakijua. Anaingia kwenye menyu ya kutuma pesa, anaweka namba ile, anaweka shilingi 500, na kabla hajathibitisha jina la mwenye laini linatokea kwenye kioo.

Jina linalotokea ni la mama yake Sechelela.

Mwache msomaji aanguke hapo. Mama ana laini ya siri? Mama ndiye aliyekuwa akimpigia mwanawe kutoka namba nyingine? Na kwa kuwa mama kweli ana siri, kila atakachofanya kuanzia hapo kitazidisha shaka. Lakini jibu uliliweka sura ya kwanza, mbele ya macho ya wote, hivi:

Mama na Sechelela wanarudi sokoni. Chini ya mwavuli wa kampuni ya simu kuna kijana na kimashine chake. Mama anarudisha laini iliyopotea. Anaweka kidole. Kijana anakunja uso, "Mama, mtandao unasumbua, rudia kidole." Anaweka tena. "Bado, weka cha pili." Sechelela amebeba kapu, mkono umemchoka, anamwambia mama wafanye haraka kabla dagaa hawajaoza. Pembeni, yule msusi wanayemfahamu anamsubiri kijana wa laini amalize, wanasalimiana, anasifia nywele za Sechelela.

Basi. Aya nane au kumi, zenye jua na harufu ya dagaa, msomaji anadhani unamwonyesha maisha ya sokoni. Kumbe kidole cha pili kilisajili laini nyingine kwa jina la mama, na laini hiyo ikauzwa kwa msusi. Tangu Januari 2020, laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilipoanza kuzimwa, mchezo huu umewapata watu wengi, na ndiyo sababu tunahimizwa kupiga *106# tuhakiki namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chetu. Mwajuma akimfanya mama apige namba hiyo, fumbo linafunguka mikononi mwa mtoto, kwa njia ambayo msomaji wako anaweza kuijaribu usiku ule ule kwenye simu ya mama yake. Dalili njema ndiyo hii: inatoka katika maisha ya hapa, imeonekana mapema, na ina maana mbili ambazo zote zinakubalika hadi ya pili ishinde.

Umesema hujachagua mwaka. Lazima uchague, maana Dodoma imebadilika kwa kasi, na kila badiliko linafungua au kufunga njia ya hadithi. Kabla ya Oktoba 2023 mabasi hayakuruhusiwa kusafiri usiku kucha, kwa hiyo binti aliyekosa basi la mchana alikuwa hajatoka mbali. Kabla ya Julai 2024 hapakuwa na treni ya SGR ya kumfikisha Dar es Salaam kwa takriban saa nne. Mimi ningekushawishi uchukue Ijumaa ya tarehe 2 Agosti 2024. Siku iliyotangulia, tarehe 1, Rais alizindua rasmi safari za SGR kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Wiki hiyo hiyo maonyesho ya Nanenane yalifanyika kitaifa hapa hapa, viwanja vya Nzuguni, jirani na stendi kuu ya mabasi. Mji ulifurika. Wageni kila kona, nyumba za kulala wageni zimejaa, bajaji hazishikiki. Hiyo ndiyo Ijumaa ambayo mwalimu wa darasa anaweza kukosekana shuleni akiwa Nzuguni kwenye mabanda. Hiyo ndiyo siku ambayo mtu akiuliza "Seche yuko wapi?" mwingine atajibu bila kufikiri, "Si atakuwa kaenda kuona treni," na jibu litatosha hadi jioni. Hutahitaji kubuni msongamano wala bahati mbaya, kalenda imekupa vyote.

Halafu tazama ramani. Nkuhungu iko upande wa magharibi wa mji, stendi iko mashariki. Binti anayekwenda kupanda basi la Dar lazima auvuke mji mzima, na katika kuuvuka kuna konda, kuna muuza maji, kuna mwanafunzi mwenzake aliyetoroka. Mji wetu unatokea pande nne: mashariki Kibaigwa, Gairo hadi Morogoro, magharibi Bahi na Manyoni, kusini Mtera hadi Iringa, kaskazini Kondoa na Babati. Kijana wa bodaboda amekimbilia magharibi, babu anaumauma maneno upande wa mashariki, na polisi wanaulizia magari ya jioni. Mpe Mwajuma kazi ya kuziondoa barabara moja baada ya nyingine. Tiketi ya treni ina jina, na abiria huulizwa kitambulisho, kwa hiyo msusi hawezi kumpandisha treni. Tiketi ya basi stendi nayo ina jina. Lakini abiria anayesimama Ihumwa kando ya lami, basi likapunguza mwendo, utingo akamvuta ndani na kupokea pesa mkononi, huyo hana jina popote. Hapo ndipo alipopandia.

Agosti pia ni kiangazi. Vumbi na upepo vinafuta nyayo, makorongo ni makavu na watu wanachimba mchanga kutafuta maji. Katika sura ya nne umeandika Mwajuma anakwama kwa sababu korongo limejaa maji. Kwa Agosti haiwezekani. Mvua zetu ni za Desemba hadi Aprili, na msomaji wa Chamwino atakirudisha kitabu dukani. Badala yake, sare ya Sechelela ipatikane. Usiitupe vichakani ikiwa na damu kama ulivyofanya, maana damu hiyo ni ya kutisha tu na haina ukweli wowote nyuma yake. Iwe kwenye mfuko, juu ya kabati la msusi, imekunjwa vizuri, shati juu ya sketi, soksi zimeviringishwa pamoja. Mtu anayekunja sare hivyo ana nia ya kuivaa tena. Mwajuma akiona mkunjo ule, anaoufahamu kwa sababu waliwahi kulala bweni moja, atajua kwamba rafiki yake hakukimbia maisha yake. Alitaka kurudi.

Kuhusu polisi, umemleta mpelelezi maarufu kutoka Dar es Salaam sura ya sita. Mrudishe kwao. Kitabu cha vijana kinamtaka kijana ndiye atembee, na mtu mzima mwenye uwezo wote akiingia tu, Mwajuma anabaki kubeba begi. Lakini usiwafanye polisi wajinga ili yeye aonekane hodari. Askari wa Dawati la Jinsia na Watoto anaweza kuwa mwanamke makini, anayeandika vizuri, anayeamini daftari la shule kwa sababu ni nyaraka halali. Amekosea kwa sababu amepewa uongo. Wala usiandike ile ya kwamba wazazi waliambiwa wasubiri saa 24; mzazi wa mtoto anaweza kwenda kituoni usiku ule ule akapewa RB, yaani namba ya taarifa yake, na kitabu kinachowazoesha vijana kusubiri kinaweza kuleta madhara. Huduma ya Simu kwa Mtoto, namba 116, ni ya bure na inapokewa saa 24. Mwajuma aipige. Itamsaidia hadithini pia: kuna mtu mzima hatimaye anayemsikiliza bila kuuliza kwanza Sechelela alikuwa na mwanaume gani.

Na Mwajuma mwenyewe aishi kama binti wa umri wake. Ana maji ya kuchota, ana mdogo wa kumwogesha, ana mama atakayemtandika akichelewa. Asizurure usiku peke yake kwenye nyumba za kulala wageni. Uchunguzi wake ufanyike katika nafasi ndogo anazozipata: njiani kutoka shule, Jumamosi alipotumwa mnadani Msalato, Jumapili baada ya ibada. Kubanwa huko kunaleta wasiwasi kuliko mbio za pikipiki, kwa sababu msomaji anajua saa zinakwenda na huyu mtoto hajaruhusiwa kutoka nje.

Yule mganga mwondoe. Najua mambo hayo yapo na nchi yetu imezika watu kwa sababu yake, na ndiyo maana sipendi yatumike kama kiungo cha kuongeza ukali. Kama unataka kuandika juu ya hayo, yape kitabu chake na uyabebe kwa uzito wake. Hapa mama anaweza kwenda kwa mganga Jumapili kwa kukata tamaa; aambiwe binti yuko upande wa jua linapochomoza; iwe ni kweli kwa sababu mganga naye anasuka kwa yule yule msusi, au mkewe. Isizidi kurasa mbili.

Kitu kimoja hukukiuliza, na mimi nakiona ndicho pengo kubwa la rasimu: Sechelela anazungumza sura ya kwanza tu, halafu tunamsikia tena akiokolewa. Kurasa zote za katikati watu wanamsimulia. Mpe sauti. Kati ya sura na sura weka ukurasa mmoja wa kwake, mfupi, huko aliko, bila kutaja mji. Anahesabu mlio wa pasi inayowekwa chini. Anajifunza jina la mtoto anayemlea. Anagundua simu yake imefichwa, siyo imepotea. Msomaji ajue yuko hai, kwa sababu katika kitabu cha umri huu sitaki swali liwe kama amekufa. Swali liwe kama watu watauacha ukweli ujitokeze kabla hajakata tamaa nao. Na yeye mwenyewe atende: awe ndiye anayepata dakika mbili za simu ya jirani, na namba pekee anayoikumbuka kwa kichwa iwe ya Mwajuma.

Akirudi, usikimalizie kitabu stendi kwenye kukumbatiana. Andika sura moja zaidi, Jumatatu ya kwanza shuleni. Mama anahojiwa na ustawi wa jamii. Mtaa uliosema kafuata mwanaume unatafuta namna ya kusema haukusema. Kijana wa bodaboda hajarudi. Tangu Novemba 2021 serikali imewafungulia mlango wa kurudi shule hata wanafunzi waliokatisha masomo kwa ujauzito na sababu nyingine, kwa hiyo hakuna anayeweza kumfungia geti Sechelela, na mwalimu wa darasa itabidi alifungue daftari lile lile mbele ya wanafunzi wote na kuita jina lake. Ataitika vipi, na atakayecheka ni nani, hilo ni lako kuliandika. Wewe unasimama mbele ya darasa kama hilo kila siku.

Ukimaliza ile ratiba ya Alhamisi hadi Jumapili, nitumie hiyo peke yake kwanza, bila sura. Nitaisoma nikiwa na ramani ya mji pembeni.